UZI: Glossopteris, mti uliotoweka miaka milioni 252 iliyopita ukaacha ushahidi kwamba mabara yalishikana

Mzee wa Tabaka:

Wakuu salaam. Ukitaja viumbe vya kale kila mtu anakimbilia dainosaria, meno, makucha, nani mkubwa kuliko nani, basi leo naomba tuwaache hao kwanza tuongelee mti. Na jani lake lenyewe wala halina maajabu ukiliona, limechongoka kidogo mbele, katikati lina mshipa mmoja mnene, pembeni vimishipa vidogo vimesukana kama wavu. Ukilikuta kwenye jiwe unaweza kulitupa. Ila hilo jani ndilo lililowapa wanasayansi usiku wa kukosa usingizi kwa zaidi ya miaka mia, na kwa maoni yangu limefanya kazi kubwa kuliko mifupa yote ya dainosaria ukiikusanya pamoja. Najua kuna watu watabisha, bisheni tu, ndio maana nimeleta.

Mti unaitwa Glossopteris. Uliishi kipindi cha Permian, yaani kuanzia kama miaka milioni 299 iliyopita mpaka milioni 252, kwa hiyo dainosaria walipokuja kutokea huu ulishapotea kitambo. Jina alilitoa Mfaransa Adolphe Brongniart mwaka 1828 akiwa na mabaki ya majani yaliyotoka India na Australia. Yeye alidhani ni aina ya kangaga, na huwezi kumlaumu maana alichokuwa nacho ni majani matupu, hakuna mbegu, hakuna shina, hakuna chochote cha kumwambia vinginevyo.

Hapa ndipo utamu wa hizi kazi ulipo. Mti ukifa haubaki mzima ukusubiri. Majani yanaanguka huku, mbegu zinasombwa na maji kule, mizizi inabaki matopeni, gogo linaelea linaenda kuzama sehemu nyingine kabisa. Miaka mamilioni baadaye kila kipande kinaokotwa na mtu wake na kila mtu anakipa jina. Kwa hiyo jani likaitwa Glossopteris, mizizi ikaitwa Vertebraria, viungo vya chavua vikaitwa Eretmonia, magogo nayo yana majina yake, na ilichukua vizazi vya watu kugundua kwamba jamani hivi vyote ni ukoo mmoja wa miti. Aliyefungua mlango kwa upande wa mbegu ni mwanamama wa Afrika Kusini, Edna Plumstead, ambaye mwaka 1952 alichapisha maelezo ya viungo vya uzazi vikiwa bado vimeshikana na majani yenyewe, mabaki yametoka Vereeniging. Tangu hapo ile stori ya kangaga ikaanza kufa, maana kangaga hazai mbegu.

Kwa hiyo weka picha hii kichwani: miti, mingine mikubwa haswa, inatajwa kufika mita 30, mbao zake zinafanana na za misonobari, majani kama ulimi, imesimama kwenye vinamasi maeneo makubwa mno. Mizizi yake ile Vertebraria ndani ina vyumba vyumba vilivyokuwa wazi, na maelezo yanayokubalika ni kwamba vilikuwa vya kupitisha hewa maana udongo wa kinamasi hauna oksijeni, mzizi wa kawaida unaoza.

Nitaendelea na ishu yenyewe ya mabara, ngoja nipumue.

Kinyonga Kijani:

Nimekaa pale mbele kabisa, endelea mkuu.

Dada Mdadisi:

Mzee wa Tabaka kabla hujaendelea, jani linakaaje miaka milioni 252? Mimi nikiacha jani uani wiki mbili limeshakuwa mavumbi.

Mzee wa Tabaka:

Dada Mdadisi swali zuri, na jibu ni kwamba mengi sana yalioza. Yaliyobaki ni yale yaliyoangukia kwenye tope la maji yaliyotulia, yakafunikwa haraka, hewa haifiki, vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi vizuri, tope likaongezeka juu likagandamiza mpaka likawa mwamba, na jani likabaki utando mwembamba wa kaboni au alama yake tu. Hiyo ni njia ya kawaida.

Kuna njia ya pili ni nadra ila ndiyo tamu zaidi. Maji yenye silika, yaani madini yale yale ya mchanga, yaliingia kwenye mboji ya kinamasi yakagandia humo humo kabla seli hazijasambaratika, kwa hiyo unapata jiwe ambalo ndani yake kuna jani, mzizi, mbegu, kuvu, kila kitu na seli zake. Antaktika kuna sehemu inaitwa Skaar Ridge ina mawe ya aina hiyo, na Queensland huko Australia pia yapo. Watafiti wanakata jiwe kwa msumeno, wanalisugua, wanalichovya kwenye tindikali ya haidrofloriki inayokula silika kidogo tu na kuacha kuta za seli zimechomoza, wanamwaga asetoni, wanalaza karatasi nyembamba ya asetati, ikikauka wanaibandua na seli zinatoka nayo. Unaweka kwenye hadubini unaona mti wa Permian kwa ndani. Hiyo tindikali usiiguse lakini, inapita ngozi inaenda kwenye mfupa.

Bishoo wa Hoja:

Sasa umesema India, Australia, Afrika Kusini, na sasa unasema Antaktika. Hapo ndipo unapotupeleka au sio?

Mzee wa Tabaka:

Ndipo hapo hapo Bishoo.

Karne ya 19 wachimbaji wa makaa na watu wa jiolojia wakawa wanaokota jani hili hili India, Australia, kusini mwa Afrika, Amerika ya Kusini. Ulaya halipo. Amerika ya Kaskazini halipo. Yaani lina tabia ya kusini halafu India imejichomeka humo na leo India iko kaskazini mwa ikweta. Eduard Suess, mtu wa Austria, akaliangalia hilo pamoja na mawe yanayofanana, mwaka 1885 akatoa wazo kwamba kulikuwa na bara kubwa akaliita Gondwana, kutokana na eneo la India ya kati. Ila Suess hakusema mabara yalitembea. Yeye alisema kulikuwa na ardhi katikati, ikazama, bahari ikachukua nafasi.

Wazo la kuzama lilikuja kupata shida kubwa. Mwamba unaojenga mabara ni mwepesi kuliko ule wa chini ya bahari, mabara yanaelea juu ya mwamba mzito wa chini, sasa huwezi kuchukua kitu chepesi chenye ukubwa wa bara zima kikazama tu chenyewe na kisionekane tena. Kizame kiende wapi?

Ndipo anakuja Alfred Wegener, Mjerumani, na wala hakuwa mtu wa jiolojia, alikuwa mtu wa hali ya hewa. Tarehe 6 Januari 1912 pale Frankfurt akasimama mbele ya wanajiolojia akawaambia mabara yenyewe ndiyo yaliyohama. Mwaka 1915 akatoa kitabu. Hoja yake moja naipenda sana, alisema ukichukua vipande vya gazeti lililochanwa ukaviunganisha kwa kingo zake haitoshi, angalia na mistari ya maandishi kama inaendelea kutoka kipande hadi kipande, ikiendelea basi hakuna namna, lilikuwa gazeti moja. Glossopteris ni mmoja wa mistari hiyo. Mwingine ni mjusi wa majini Mesosaurus ambaye yuko Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika tu. Mwingine ni mawe yaliyosagwa na barafu, nitarudi kwa hayo.

Na alichekwa sana, tena na wakubwa. Shida yake alishindwa kueleza nguvu gani inasukuma mabara, nguvu alizozitaja zilikuwa ndogo mno. Alikufa Greenland mwaka 1930 akiwa kazini na bado wengi hawajamkubali. Huku Afrika Kusini alikuwepo Alexander du Toit, huyo alimwelewa mapema maana mawe alikuwa anayaona kwa macho yake, akaandika kitabu chake 1937. Ulaya na Marekani wengi walikuja kunyoosha mikono miaka ya 1960, Harry Hess alipoeleza mwaka 1962 jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa katikati na kusogea pembeni, halafu Vine na Matthews 1963 wakaeleza ile mistari ya sumaku chini ya bahari.

Bishoo wa Hoja:

Mimi sibishi kwa ajili ya kubisha ila hoja ya mbegu naiona nyepesi. Nazi inaelea baharini inafika bara lingine inaota. Kwani mbegu ya huo mti ilishindwa nini? Ndege hawakuwepo sawa, upepo je? Mnajenga bara zima kwa sababu ya jani.

Fundi Drili:

Bishoo leo kaja na nazi 😂

Mzee wa Tabaka:

Bishoo hoja ya nazi ni nzuri tu, na ingekuwa ni mti mmoja umetokea kisiwa kimoja ningekuunga mkono. Tatizo haukuja peke yake. Kila unapoukuta unakuta na wenzake wale wale, chini yake mara nyingi unakuta mawe yale yale ya barafu. Kusini mwa Afrika yanaitwa Dwyka, India yanaitwa Talchir, na Amerika ya Kusini na Australia yapo pia. Ni kokoto na mawe makubwa yamechanganyika na unga wa mwamba, na sakafu iliyo chini yake ina mikwaruzo, maana barafu ilipita juu ikikokota mawe. Ukifuata mikwaruzo kwenye ramani ya leo kuna sehemu inaonyesha barafu imetoka baharini ikapanda nchi kavu, kitu ambacho hakiingii akilini. Yaunganishe mabara, mikwaruzo inakubali inatoka kwenye nchi ya juu kuelekea nje.

Sasa mbegu inaweza kuelea. Barafu ya unene wa maelfu ya mita haielei ikaja kukwaruza India. Na nazi imeumbwa kwa safari za pwani, ina kumbi, ina maji yake ndani. Mti wa kinamasi cha katikati ya bara kubwa hauna shughuli na bahari.

Halafu kuna hili ambalo huwa linanimaliza: jani hilo lipo Tibet, upande wa kaskazini wa mlima Everest, kwenye tabaka zinazoitwa Qubu. Jani la kusini kabisa limekaa juu ya paa la Asia. Mbegu haikupanda mlima, ni ukingo wa kaskazini wa Gondwana uliosafiri mpaka ukaja kukunjwa na Asia, na ile Himalaya yenyewe ndiyo matokeo ya India kugonga.

Sina Haraka:

Mzee umeruka kitu kikubwa. Umetaja Januari 1912 hujataja akina Scott! Ngoja niwape hiyo mimi.

Mwezi huo huo ambao Wegener anatoa hotuba yake Frankfurt, Waingereza watano wakiongozwa na Robert Falcon Scott walikuwa wanavuta sleji kwa miguu kuelekea Ncha ya Kusini. Wakafika tarehe 17 Januari 1912 wakakuta hema na bendera ya Norway, Amundsen alishafika tangu tarehe 14 Desemba 1911. Wamechoka, njaa, baridi, wameshindwa, wanaanza kurudi. Tarehe 8 Februari wakawa wanashuka mto wa barafu wa Beardmore, wakasimama chini ya mlima Buckley, na pamoja na hali yao yote daktari wao Edward Wilson akaanza kuokota mawe. Akakuta makaa na majani ndani ya mawe. Walichukua mzigo wa kama kilo 16 na wakauvuta.

Edgar Evans akafa tarehe 17 Februari. Oates akatoka nje ya hema katikati ya Machi hakurudi. Waliobaki watatu, Scott, Wilson na Bowers, wakafia hemani mwisho wa Machi wakiwa kilomita 18 hivi tu kutoka kwenye stoo ya chakula. Hema lilipatikana tarehe 12 Novemba 1912, na zile kilo 16 bado zipo. Hawakuzitupa.

Mawe yakapelekwa Uingereza, Albert Seward wa Cambridge akayaandikia mwaka 1914, ni Glossopteris. Hapo ndipo Antaktika ikaingia rasmi kwenye orodha.

Dada Mdadisi:

Daah. Kilo 16 za mawe na mtu hana chakula. Kwanini wasizitupe tu??

Bishoo wa Hoja:

Ndio swali langu pia, wengine wanasema ni ujinga uliowaua.

Mzee wa Tabaka:

Asante Sina Haraka umenipunguzia kazi. Bishoo, mimi sioni kama kilo 16 ndizo zilizowaua, wenyewe walikuwa wanavuta sleji yenye mizigo, watu wamedhoofika kwa chakula kidogo, baridi kali kuliko walivyotegemea, mafuta kwenye vituo yamepungua. Na walijua wanachobeba. Makaa yalishaonekana maeneo hayo na msafara wa Shackleton mwaka 1908, kwa hiyo Wilson alijua akipata na majani humo anakuwa ameshika jibu la ubishi mkubwa wa wakati ule.

Na kuna mtu alikuwa ameshalitamani jibu hilo kabla. Marie Stopes, ambaye watu wengi wanamjua kwa mambo ya uzazi wa mpango, kazi yake ya kwanza ilikuwa mimea ya kale, alikuwa anafundisha Manchester. Alimwomba Scott amchukue kwenye msafara akatafute Glossopteris mwenyewe. Scott akakataa, mwanamke hakuruhusiwa safari hizo, ila akaahidi kumtafutia. Sasa pima mwenyewe nani alipaswa kuwepo pale Beardmore akiokota.

Kinyonga Kijani:

Swali langu mimi ni la kijinga labda. Antaktika kuna miezi ya giza tupu. Mti unaishije gizani? Au Antaktika nayo ilikuwa huku kwenye joto?

Mzee wa Tabaka:

Kinyonga hapo umegusa penyewe, maana Antaktika ilikuwa tayari iko kusini sana wakati ule. Sehemu zenye misitu hiyo zilikuwa latitudo kama 80 mpaka 85 kusini. Kwa hiyo giza la miezi lilikuwepo kama kawaida, jua haliwezi kubadilisha ratiba kwa sababu ya mti. Kilichokuwa tofauti ni joto, mwishoni mwa Permian ile barafu kubwa ilishayeyuka na hewa ilikuwa na joto kuliko leo.

Mwaka 1992 Edith Taylor na wenzake walichapisha habari za msitu uliopatikana mlima Achernar, visiki bado vimesimama pale pale vilipoota, mizizi imeshika udongo. Kwenye magogo ya huko unaona pete za ukuaji pana kabisa, mti unakua kwa kasi kiangazi kizima chenye jua la saa 24, halafu ghafla unasimama. Mwishoni mwa pete ile sehemu ya seli nene za kufunga msimu ni nyembamba sana, kama vile mwanga umezimwa mti bado uko kazini. Hakuna msitu wa leo unaoishi latitudo hiyo, kwa hiyo huna pa kwenda kulinganisha.

Majani mengi yanapatikana yamelaliana kwa wingi kama yameanguka kwa mpigo, ndiyo maana kwa muda mrefu tumeambiwa miti hii ilipukutisha majani kila giza linapoingia. Kuna utafiti wa baadaye wa kemia ya mbao umeonyesha kwamba msitu ule ulikuwa na mchanganyiko, mingine inapukutisha mingine inabaki na majani. Mimi hili la mchanganyiko naliona lina akili zaidi, Glossopteris ni ukoo mkubwa umeenea kutoka ncha ya dunia mpaka kwenye joto, haiwezekani wote wawe na tabia moja.

Fundi Drili:

Nimefanya kazi mgodi wa makaa ya mawe kwa muda, na haya majani nimeyaona kwa macho yangu. Siyo ndani ya makaa yenyewe, makaa ukiyavunja ni meusi tu, ni kwenye ule mwamba tope wa juu ya tabaka la makaa, unabanduka kwa tabaka nyembamba na katikati unakuta majani marefu yamelala. Tulikuwa tunayamwaga kwenye kifusi na uchafu mwingine. Hakuna aliyetuambia ni kitu gani.

Mzee wa Tabaka:

Fundi umenipa raha. Ni hayo hayo. Makaa ya Permian ya kusini yote, sehemu kubwa ya yale mabaki yaliyoyatengeneza ni msitu huu. Bonde la Damodar India, Witbank Afrika Kusini, Hwange Zimbabwe, Moatize Msumbiji, Maamba Zambia, Bowen na Sydney Australia, na Tanzania yale ya bonde la Ruhuhu, Mchuchuma na Ngaka, na Kiwira kule juu ya ziwa Nyasa. Haya ya Afrika watu wa jiolojia wanayaita ya Karoo. Ulaya na Amerika ya Kaskazini makaa yao mengi maarufu ni ya zamani zaidi na yametokana na miti mingine kabisa, ya joto na vinamasi vya karibu na ikweta. Ya kwetu ya kusini yalitokana na miti ya ubaridi baada ya barafu kuondoka.

Na sababu ya makaa kuwa meusi tu ni kwamba mle ndani mboji imegandamizwa na kupikwa mpaka umbo limepotea. Pale juu tope lilipofurika likafunika majani ya mwisho, ndiyo unayaona. Kwa hiyo walio migodini, kabla kifusi hakijaenda mkipata jipya chukueni picha, wekeni na kitu cha kuonyesha ukubwa, andikeni limetoka tabaka gani, maana jani lisilojulikana limetoka tabaka gani linakuwa pambo tu.

Mpita Njia77:

Hizi namba za miaka milioni mia mbili na kitu mnazitoa wapi? Nani alikuwepo kuhesabu? Mimi naamini dunia haina umri huo.

Sina Haraka:

Mkuu imani yako iheshimiwe lakini namba hazitolewi kwenye kofia.

Mzee wa Tabaka:

Mpita Njia karibu, swali ni halali. Jani lenyewe halipimwi umri. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyoangukia juu na chini ya tabaka lenye jani. Ndani ya majivu kuna vichembe vya madini ya zirkoni, na zirkoni inapojiunda inapokea urani ila inakataa madini ya risasi. Urani inageuka polepole kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, urani-238 nusu yake inageuka kila baada ya miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo risasi yoyote unayoikuta humo imezaliwa humo humo, unapima uwiano unapata umri. Tena kuna urani-235 ambayo ina kasi yake tofauti, kwa hiyo ni saa mbili ndani ya chembe moja na zinatakiwa zikubaliane. Zikikataana kipimo kinatiliwa mashaka. Mambo ya imani sina ugomvi nayo, mimi nimekupa tu namba zinakotoka.

Dada Mdadisi:

Sasa tuambie ulikufaje. Mti umeenea nusu ya dunia, umeishi baridi, umeishi giza, halafu ukaisha wote?

Mzee wa Tabaka:

Ukaisha ndiyo. Mwisho wa Permian ndiyo kifo kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana, kikubwa kuliko kile cha dainosaria. Huko Siberia volkano zilimwaga lava kwenye eneo la ukubwa wa kutisha, zikapita ndani ya tabaka za makaa na chumvi, zikatoa kaboni dayoksaidi na gesi nyingine, dunia ikapata joto, bahari ikakosa oksijeni.

Kinachonishangaza ni ratiba. Kwenye bonde la Sydney vipimo vya zirkoni vinaonyesha misitu ya Glossopteris ilianguka kama miaka 370,000 kabla ya kile kifo kikuu cha baharini. Yaani miti ilitangulia, na ilianguka haraka, tabaka za makaa zinakatika kama umezima swichi. Na baada ya hapo kuna kipindi cha miaka kama milioni 10 ambacho dunia nzima haina makaa, hakuna mahali popote kinamasi kiliweza kulimbikiza mboji ya kutosha. Miaka milioni 10 hiyo. Binadamu wa aina yetu tuna kama laki tatu.

Kwa tafsiri yangu, na hapa ni mimi naongea, mti huu uliponzwa na kile kile kilichoufanya utawale. Ulijifunga na vinamasi na ubaridi. Joto lilipopanda na majira ya mvua yakavurugika vinamasi vikaenda, ukabaki na mizizi ya hewa kwenye ardhi ambayo haina maji. Baadaye kusini ikaja kutawaliwa na mmea mwingine, Dicroidium, majani yake yamegawanyika kama uma, huo ndio mnaoukuta kwenye mawe ya Triassic, kipindi kilichofuata Permian.

Kinyonga Kijani:

Haukuacha hata mjukuu? Maana nimewahi kusoma mahali kwamba ndio babu wa mimea yote ya maua.

Mzee wa Tabaka:

Hilo wazo lipo na lina wenyewe. Wanaolipenda wanaangalia jinsi mbegu zilivyokaa juu ya kitu kama jani kinachozikunja kuzilinda, wanasema jani kama hilo likijifunga kabisa unapata ovari ya ua. Plumstead naye kwenye miaka ya 50 aliona dalili za maua kwenye mabaki yake. Mimi silinunui kirahisi, maana maua ya kwanza yasiyo na ubishi tunayapata kwenye Cretaceous, zaidi ya miaka milioni 100 baada ya mti huu kuisha, na katikati hapo kuna pengo ambalo kila mtu anajaza anachotaka. Wapo wanaoupendelea Caytonia, mmea mwingine wa kale, wapo wa makundi mengine.

Tena kuna ugunduzi unaouvuta upande mwingine. Mwaka 2003 Harufumi Nishida, Kathleen Pigg na John Rigby walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ndani ya mbegu za Glossopteris kutoka Homevale, Queensland, zile zilizogandishwa na silika, wamekuta mrija wa chavua ukiwa unatoa mbegu za kiume zenye vijimkia vya kuogelea. Zimegandishwa zikiwa kwenye tendo lenyewe! Sasa leo mimea ya mbegu inayofanya hivyo ni sikadi na ginkgo tu, mimea ya maua mbegu zake za kiume hazina mkia, zinapelekwa na mrija mpaka mlangoni. Haimaanishi Glossopteris ni baba wa ginkgo, inamaanisha njia ya zamani ya uzazi ilikuwa bado inatumika kwenye mti huu.

Bishoo wa Hoja:

Sawa hapo kwenye mabara nimekuelewa, barafu ndiyo imenimaliza na ile ya Tibet. Ila kuhusu kazi yake kuwa kubwa kuliko dainosaria wote hapo bado nabisha, nipe siku nitarudi na Lystrosaurus.

Mzee wa Tabaka:

Lystrosaurus sio dainosaria Bishoo, ni ndugu wa karibu zaidi na mamalia. Rudi na mwingine.

Fundi Drili:

😂😂 Bishoo kaanguka kabla hajaondoka.